Madhara ya Tumbaku, na Mtoto Anayetumwa Dukani



Maneno yangu ya leo ni juu ya tumbaku. Najua ya kuwa wako watakaosema, "Mwalimu naye! Ataka kutunyang'anya hata hicho kidogo tunachojipumzishia." La, sikuja kumnyang'anya mtu kitu chake. Mtu mzima ana akili zake, na kifua ni chake. Nimekuja kueleza tumbaku hufanya nini ndani ya mwili, kisha nitaje jambo moja ambalo sisi watu wazima twalifanya kila siku, huku Usangi na katika milima yote ya Upare, wala hatulihesabu kuwa ni baya. Jambo lenyewe ni kumtuma mtoto sigara.

Kwanza mjue ya kuwa tumbaku si mmea wa kwetu. Asili yake ni Amerika, nayo ilivushwa bahari na Wareno na mataifa mengine ya Ulaya baada ya mwaka 1492. Ilipofika Afrika ilienea upesi, hata ikaingia katika desturi zetu kana kwamba ilikuwapo tangu enzi za mababu. Leo mzee akikutana na mzee mwenzake hutoa kikopo cha ugoro, wakanusa, wakapiga chafya, ndipo mazungumzo yakaanza. Nayasema haya kwa sababu kila nikiitaja tumbaku hujibiwa kwamba ni mila. Mahindi nayo yalitoka huko huko Amerika. Walakini mahindi yametupa makande, na tumbaku imetupa kikohozi.

Hata huko Ulaya walikuwapo walioikataa mapema. Mwaka 1604 Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza alitoa kitabu kidogo cha kuilaumu, tena akaitoza ushuru mkubwa. Watu wakasoma, wakalipa, wakaendelea kuvuta. Neno la mfalme halikutosha, maana halikuwa na hesabu ya kulishuhudia.

Hesabu ilikuja baadaye sana. Mwaka 1950 Waingereza wawili, Richard Doll, aliyekuwa mganga, na Austin Bradford Hill, bingwa wa takwimu, walitangaza habari walizozipata kwa kuwahoji wagonjwa wa hospitali za London. Waliona kwamba kadiri mtu alivyovuta sigara nyingi kwa siku, ndivyo saratani ya mapafu ilivyozidi kumpata. Bwana Doll mwenyewe alikuwa mvutaji. Alipoyaona matokeo ya kazi yake, akaacha. Mwaka 1951 wakaanza kazi nyingine kubwa zaidi. Waliwaandikia waganga wa Uingereza wakiwauliza kama wavuta au hawavuti, na wanaume zaidi ya 34,000 wakajibu. Kisha wakangoja. Kila mganga aliyekufa aliandikwa amekufa kwa ugonjwa gani. Hesabu hiyo ilikwenda miaka 50, na mwaka 2004 ikatangazwa: waganga waliovuta tangu ujana wao, wasiache, walikufa mapema kuliko wenzao wasiovuta kwa miaka yapata 10. Nawaomba mwitafakari hesabu hii, kwa kuwa haikufanywa juu ya watu wajinga wala maskini. Ni waganga waliohesabiana wao kwa wao.

Sasa tuingie ndani ya mwili.

Katika njia za pumzi za mtu mna vinyweleo vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Kazi yao ni kupunga juu wakati wote, vikisukuma makohozi pamoja na vumbi na vijidudu vilivyonaswa humo, mpaka vifike kooni. Kila mtu wa milima hii aijua ndiva. Maji ya mfereji huijaza usiku, na asubuhi hufunguliwa yakaenda mashambani. Walakini maji hayo huleta na tope, na kwa hiyo baragumu hupigwa, watu wakatoka kwa msaragambo, wakaingia na majembe kuliondoa. Wasipotoka mwaka huu wala mwaka ujao, ndiva ile yaonekana ndiva bado kwa mtu aliye juu ya ukingo, lakini ndani imejaa tope, na maji yake hayafiki hata shamba la kwanza. Moshi wa tumbaku huwalemaza hao watu wa msaragambo walio ndani ya kifua. Vinyweleo hulegea, hufa, na makohozi hubaki. Kile kikohozi cha alfajiri cha mvutaji, ambacho jirani hukisikia kabla ya jogoo, ni kifua kinachojaribu kufanya kwa nguvu kazi iliyokuwa ikifanywa kimya kimya.

Tena moshi ule una lami, nayo hukaa katika mapafu. Wenye elimu wamehesabu zaidi ya vitu 7,000 katika moshi wa sigara, na katika hivyo 70 hivi hujulikana kuwa huleta saratani. Mna pia hewa ya sumu, ile ile itokayo katika jiko la mkaa. Nani asiyejua habari za watu walioingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi, wakafunga dirisha, wasiamke? Hewa hiyo hunyang'anya damu nafasi ya kuchukua hewa njema. Mvutaji hafi usiku ule, kwa sababu huivuta kidogo kidogo. Lakini moyo wake hufanya kazi kila siku kama mtu anayepanda mlima na mzigo usio wake. Ndiyo sababu tumbaku haiui kwa mapafu tu. Hukaza mishipa ya damu na kuiharibu, ikaleta maradhi ya moyo na kiharusi.

Huku kwetu iko hatari nyingine, nayo ni kifua kikuu. Hospitali ya Kibong'oto, katika wilaya ya Siha, iliyoanzishwa mwaka 1926, imekuwa ikiuguza ugonjwa huo miaka mingi. Vijidudu vyake huweza kukaa ndani ya mtu pasipo kumwuguza, mwili ukivizuia kama askari mlangoni. Moshi huwadhoofisha askari hao. Mvutaji yumo katika hatari ya kuugua kifua kikuu mara 2 hivi kuliko asiyevuta, na akiisha kuugua, hupona kwa shida zaidi.

Kadhalika saratani ya koo la chakula, ile imzuiayo mtu kumeza ugali, kisha uji, kisha hata maji. Ugonjwa huu umezidi katika upande wa mashariki wa Afrika, na waganga wa hospitali ya KCMC iliyoko Moshi waujua sana. Sababu zake ni nyingi, wala sitasema ni tumbaku peke yake. Pombe imo, na chai ya moto mno yadhaniwa kuwa imo pia. Lakini anayevuta na kunywa pombe pamoja huikaribisha hatari kwa mikono miwili.

Hapo wazee wetu wa ugoro, wanaume kwa wanawake, hutabasamu. Husema, "Sisi hatuvuti. Ugoro hauna moshi." Kweli, hauna moshi, na mapafu yao hupata nafuu kwa hilo. Walakini ugoro ni tumbaku ile ile iliyosagwa, na sumu za saratani zimo ndani ya jani lenyewe, hazingoji moto. Wataalamu wa dunia wa saratani wameitia tumbaku isiyo na moshi katika orodha ya vitu viletavyo saratani ya kinywa, ya koo la chakula na ya kongosho. Na kwa nini ugoro huchanganywa na magadi? Wazee husema ni kwa ajili ya ukali wake. Ndivyo, lakini ukali huo una maana yake. Magadi huifungua nikotini iliyo ndani ya tumbaku, ikapita upesi katika ngozi laini ya pua na ya mdomo na kuingia damuni. Mababu hawakujifunza kemia katika chuo, lakini waliivumbua njia ile ile ambayo viwanda vya sigara viliitafuta baadaye. Vijana nao wana kuberi, ile inayouzwa katika vipakiti, ambayo huiweka chini ya mdomo. Wadhani ni kitu kipya cha mjini. Ni mjukuu wa ugoro, tena mjukuu mkorofi.

Nikotini ndiyo kamba. Huenda kutoka kifuani hadi kwenye ubongo kabla hujahesabu 20. Hapo humpa mtu furaha kidogo, kisha furaha huondoka, na mahali pake huja wasiwasi ambao dawa yake ni sigara nyingine. Mvutaji asema sigara humtuliza. Kwa kweli humwondolea shida ambayo sigara ya kwanza ilimletea. Na hizo sigara ziitwazo nyepesi, na zile zenye kichungi, hazimwokoi. Maana mwili ukikosa kiasi chake cha nikotini humfanya mtu avute kwa nguvu zaidi na kuingiza moshi ndani zaidi.

Huulizwa maswali mawili kila mahali ninapoyasema haya. La kwanza ni hili: "Mbona mzee fulani amevuta tangu ujana, naye ana miaka 90?" Jibu ni kwamba tumbaku haiui wote. Huua kadiri ya nusu ya wale wanaoendelea kuitumia. Mnaijua barabara ipandayo kutoka Mwanga mpaka Usangi, na kona zake. Dereva mmoja akishuka na gari lisilo na breki, akafika salama, tutamshukuru Mungu pamoja naye. Lakini hatutawatia watoto wetu katika gari lile.

Swali la pili huulizwa na akina mama, nalo ni zito zaidi. Husema, "Sisi tumezaliwa katika moshi wa mafiga, twapika humo kila siku. Sigara ya mume wangu yaongeza nini?" Mama mpendwa, moshi wa kuni nao wadhuru, na mwenye uwezo na ajenge jiko lenye dohani au afungue dirisha jikoni. Lakini moshi mmoja hauwi kinga ya mwingine. Mtoto aliyevuta moshi wa mafiga mchana, kisha usiku akalala katika chumba avutacho baba yake, amepewa sehemu mbili. Watoto wa nyumba za wavutaji huugua zaidi pumu, kifua na masikio. Na mama mjamzito akivuta, mtoto huzaliwa na uzito mdogo. Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na katika hao zaidi ya milioni 1 hawakuvuta kamwe. Waliupata moshi wa wenzao.

Sasa nimefika katika neno langu.

Mwaka 2018 ulifanyika uchunguzi katika Tanzania, ikaonekana kwamba katika watu wazima 100, wapata 9 walikuwa wakitumia tumbaku. Wanaume walikuwa wapata 15 katika 100, na wanawake 3. Hesabu hii si kubwa ukiilinganisha na nchi nyingine nyingi. Maana yake ni kwamba wengi wetu hatuvuti, na wengi wa watoto wetu hawajaanza. Mlango bado haujafunguliwa wote. Na wavutaji walio wengi, katika nchi nyingi zilizochunguzwa, walianza kabla ya kutimiza miaka 20. Anayefika umri huo bila kuanza, si rahisi aanze tena.

Basi mtoto huanzaje? Twapenda kusema ni rafiki wabaya, ni mjini, ni picha za sinema. Tuangalie na nyumbani. Babu ameketi barazani. Amwita mjukuu wake wa miaka 8 na kumpa fedha: "Nenda dukani kaniletee sigara mbili." Mtoto akimbia, maana kutumika ni adabu, na mtoto asiyetumika twamwita mtoto aliyeharibika. Mwenye duka amfungulia pakiti na kumpa mbili mkononi. Akirudi, babu amwambia, "Niwashie jikoni." Mtoto ainama kwenye kijinga cha moto. Sigara haiwaki vizuri isipovutwa. Kwa hiyo aivuta kidogo, akohoa, ailinda isizimike njiani, avuta tena, kisha aikabidhi kwa mikono miwili kwa heshima yote. Babu asema, "Ahsante, mwanangu. Wewe ni mtoto mwema."

Sitafuti kumdhihaki babu huyo. Ampenda mjukuu wake kuliko nafsi yake. Lakini mtazame alichomfundisha kwa nusu saa: bei ya sigara, mahali inapouzwa, namna ya kuiwasha, ladha yake; na juu ya yote amempa sifa. Sisi walimu tukipata somo lenye vielelezo vizuri namna hiyo, twafurahi sana.

Na miaka minne au mitano ikipita, somo huzaa. Kijana huenda dukani na fedha yake mwenyewe. Mwenye duka akimtazama, yeye hujibu, "Nimetumwa na babu." Maneno hayo matatu ni ufunguo wa kila duka katika milima hii. Hakuna awezaye kujua kama ni kweli, kwa kuwa jana na juzi ilikuwa kweli.

Sheria ipo. Sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 yakataza kumwuzia tumbaku mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, wala haisemi, "isipokuwa ametumwa na mkubwa wake." Mwaka 2007 Tanzania iliridhia Mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku, ambao ulianza kutumika mwaka 2005, nao wazitaka serikali zizuie matangazo, zipandishe kodi, zilinde watu na moshi wa wengine, na zizuie kuuza sigara mojamoja. Jirani zetu wa Kenya waliliandika neno hili la mwisho katika sheria yao ya mwaka 2007. Nami naliona ni la maana sana, kwa kuwa mtoto hana fedha ya pakiti. Ana fedha ya sigara moja. Lakini askari hawezi kusimama katika kila duka la kijiji. Sheria hii italindwa na mwenye duka na babu, ama haitalindwa na mtu.

Kuna watakaosema kwamba tumbaku ni fedha ya wakulima wa Urambo na Chunya. Ni kweli, nao si adui zetu. Ila wakulima hao wenyewe huugua kwa kushika majani mabichi yenye umande, nikotini ikiwapenya katika ngozi, na miti yao huisha kwa kukaushia majani. Hilo lastahili hotuba yake peke yake.

Je, aliyekwisha kufungwa aweza kujifungua? Aweza. Ninao ushahidi wa karibu. Ndugu zetu Waislamu wa Usangi, wavutaji pamoja nao, hufunga mwezi wa Ramadhani, na moshi hubatilisha saumu. Mtu aliyeniambia mwezi wa Shaabani kwamba hawezi kukaa saa mbili bila sigara, hukaa tangu alfajiri hata magharibi, siku 29 au 30. Siku za kwanza ndizo kali. Kisha mwili huzoea. Waganga wasema vivyo hivyo, kwamba uchu huwa mkali sana siku chache za mwanzo na hupungua sana katika majuma mawili mpaka manne. Huyo bwana amekwisha kuupanda mlima mwenyewe. Humshinda jioni tu, baada ya futari. Sikukuu ya Idi yafaa kuwa siku ya kutoirudia.

Huko Upare Kusini uko ushahidi wa namna nyingine. Waadventista Wasabato walifika Mamba mwaka 1903, na kanisa lao huwakataza waumini wake tumbaku. Wenzao wa California, huko Marekani, wamechunguzwa kwa miaka mingi, ikaonekana mwaka 2001 kwamba wanaume wao huishi miaka 7 hivi zaidi ya wanaume wengine wa California. Chakula chao na mazoezi yamo katika hesabu hiyo, si tumbaku tu. Lakini mtu huweza kuona kwamba mahali ambapo watu wote wa jumuiya wamepatana, mmoja mmoja hapati taabu ya kukataa.

Anayetaka kuacha na achague siku, awaambie watu wa nyumbani, atoe vyote vya tumbaku ndani. Uchu ukija, hudumu dakika chache. Anywe maji, ashike jembe, atembee. Akianguka, aanze tena; wengi walioacha walijaribu zaidi ya mara moja. Baada ya mwaka mmoja hatari ya moyo iliyoletwa na tumbaku hupungua kadiri ya nusu, na baada ya miaka 10 hatari ya saratani ya mapafu kadhalika. Katika wale waganga wa Uingereza niliowataja, aliyeacha akiwa na miaka 60 alipata miaka 3 ya kuishi zaidi, wa miaka 50 alipata 6, wa miaka 40 alipata 9, na wa miaka 30 aliokoa karibu yote.

Wanafunzi huniuliza, "Mwalimu, babu akinituma sigara nifanyeje? Nikikataa nimekosa adabu, nikienda nimevunja sheria." Ninyi watoto msibishane na wazee wenu, mzigo huu si wenu. Nawaambia wenye maduka: mtoto akija na kusema ametumwa na babu, mrudishieni fedha yake kwa upole, mkamwambie, "Nenda kamsalimie babu. Sigara zake zipo. Aje mwenyewe, tuzungumze." Babu atapanda kilima mpaka dukani. Akifika akiwa ametweta, mpeni kiti na maji ya kunywa kwanza.